Shayiri changa kuliko chupa: kisa cha chupa mbili za Brora ya 1972

Chupa zilikuwa mbili, za wiski ya kiwanda cha Brora, Uskoti, lebo moja. Ya kwanza ilikuwa imepungua hadi mabegani, lebo ina madoa, na kwa miaka ilikuwa imelazwa kabatini kama mvinyo. Ya pili ilijaa hadi shingoni na lebo yake ilikuwa safi kana kwamba imetoka kiwandani jana. Waliozitazama kwa haraka waliipa ya pili heshima yote, na walikosea.

Majina ya wahusika, mji, nyumba ya mnada, nambari za chupa na nguvu kamili iliyochapwa kwenye lebo vimeondolewa. Hapa chini tunaziita chupa A (iliyochakaa) na chupa B (iliyojaa).

## Usuli: moshi wa Islay uliotoka Sutherland

Moshi wa wiski hautoki kwenye pipa wala kwenye maji, ingawa yote mawili husemwa. Unatoka kwenye tanuri. Shayiri ikishaloweshwa na kuchipua hukaushwa ili isiendelee kuota, na ikikaushwa kwa moto wa piti, yaani mboji ya kinamasi iliyokatwa vipande kama matofali na kuanikwa, moshi hushika maganda ya punje zikiwa bado na unyevu. Wasomaji wa Rwanda wanaifahamu piti kwa jina la nyiramugengeri, ile inayochimbwa mabondeni na kuchomwa kuzalisha umeme. Uskoti inaichoma kwa ladha.

Kinachoshika kwenye punje ni fenoli: guayakoli, kresoli na jamaa zao. Hupimwa kwa sehemu kwa milioni, na nambari inayotangazwa karibu kila mara ni ya kimea (shayiri iliyochipushwa na kukaushwa), si ya kinywaji. Kimea cha Islay (kisiwa ambacho wenyewe hukitamka "Aila") chenye moshi mzito huwa kati ya 35 na 55 hivi. Katika kukoroga, kuchachusha na kukeneka (kuchemsha na kupoza mvuke), nusu ya fenoli hizo au zaidi hupotea, na pipani zinazidi kupungua mwaka hadi mwaka. Kwa hiyo wiski changa ya moshi hunuka moshi kuliko iliyozeeka, hata kama kimea kilikuwa kile kile. Jambo hili litarudi mbele, maana lilimpotosha mtu mwenye pua nzuri.

Brora si ya Islay. Iko pwani ya mashariki ya Sutherland, kaskazini kabisa mwa Uskoti bara. Kiwanda kilijengwa mwaka 1819 kwa jina la Clynelish, katika milki ya Marquess wa Stafford, miaka ambayo wakulima wadogo walikuwa wakihamishwa kwa nguvu kutoka mabonde ya ndani hadi pwani. Mwaka 1967 na 1968 kampuni mama, DCL (Distillers Company Limited), ilijenga kiwanda kipya ubavuni mwa kile cha zamani na kukipa jina hilo hilo la Clynelish. Cha zamani kilifungwa, lakini mwaka 1969 kikawashwa tena kwa kazi maalumu. Kampuni ilihitaji wiski ya moshi kwa ajili ya michanganyiko yake, na ugavi wa Islay ulikuwa na mashaka. Caol Ila, kiwanda kimoja cha huko, ilibomolewa mwaka 1972 na kujengwa upya hadi 1974. Kwa miaka michache hiyo kiwanda kikuukuu cha Sutherland kilikeneka kimea kilichotiwa moshi mzito wa namna ya Islay. Baada ya 1973 hivi moshi ulipunguzwa, ukawa wa vipindi tu. Mwaka 1975 kiwanda kilipewa jina la Brora, mwaka 1983 kikafungwa, na kikakaa kimya hadi kilipofunguliwa tena mwaka 2021.

Hapa kuna mtego mdogo unaowanasa hata watu makini. Wiski iliyokenekwa mwaka 1972 ilitoka kwenye jengo ambalo siku hiyo halikuitwa Brora. Mtu akiona lebo "Brora 1972" anaweza kudhani ameshika kosa la mghushi. Hajashika kitu. Chupa za miaka hiyo zilianza kutoka kama wiski ya kiwanda kimoja, kwa nguvu ya pipa (bila kuzimuliwa kwa maji), katikati ya miaka ya 1990, jina la Brora likiwa limezoeleka kwa miaka 20. Mmoja wa warithi katika kisa hiki aliibua shaka hiyo mwanzoni kabisa, na ilichukua nusu siku kuizima.

Mapipa yale yalikusudiwa kuchanganywa, si kuwekewa kumbukumbu. Yaliyosalia yalikuwa machache, moshi wake haukurudiwa, na bei ikapanda hadi mahali ambapo chupa tupu yenye lebo safi nayo ina mnunuzi. Chupa tupu za wiski adimu huuzwa hadharani mitandaoni, eti za mapambo. Baadhi ni za mapambo kweli.

## Mwenendo wa kisa

Mwenye chupa alifariki Uingereza akaacha warithi watatu. Chupa zote mbili zilikutwa kwenye kabati moja, juu ya boila ya maji moto. Chupa A ilikuwa imelazwa ubavu. Ndani ya boksi lake mlikuwa na risiti ya duka ya katikati ya miaka ya 1990. Chupa B ilikuwa imesimama. Kumbukumbu yake pekee ilikuwa barua pepe iliyochapwa: ilinunuliwa mwaka 2014 kwenye tovuti ya watu kuuziana, kutoka kwa muuzaji aliyetumia jina la bandia.

Warithi walituma picha kwenye nyumba ya mnada. Jibu lilikuja haraka: B ilikubaliwa bila swali, A ikaombewa picha zaidi na kukadiriwa bei ya chini. Mantiki ya karani inaeleweka. Minada ya wiski hupanga hali ya chupa kwa kimo cha kinywaji, na kimo kizuri hupandisha bei. Lakini kimo kinaeleza jinsi chupa ilivyotunzwa. Kilichomo ni swali jingine.

Kwa kuwa mirathi ilihitaji, kwa ajili ya kodi, thamani iliyokadiriwa na mtu asiye na maslahi kwenye mauzo, mtathmini wa kujitegemea aliitwa. Bila sharti hilo la kodi, B ingeuzwa.

Alifanya kazi mezani, kwenye kitambaa cheupe, akianza na vipimo visivyogusa kilichomo. Picha za pande zote na rula ikionekana. Kimo, kutoka chini ya kizibo hadi usoni mwa wiski: A milimita 71, B milimita 12. Hapo kalamu yake ilisimama. Chupa ya aina hiyo ikitoka kiwandani huacha nafasi kubwa kidogo kuliko milimita 12, na kwa miaka 20 hivi kizibo cha koki hupitisha mvuke hata chupa ikitunzwa vizuri. B ilikuwa imejaa kupita ilivyopaswa kuwa siku ilipofungwa.

Taa ya urujuanimno ilifuata na haikusaidia kitu. Karatasi zenye king'arishi cha kemikali zilianza kuenea miaka ya 1950, na hung'aa samawati chini ya taa hiyo. Lebo inayodai kuwa ya 1910 ikingʼaa, imeshajiumbua. Lebo ya miaka ya 1990 ikingʼaa, imefanya kinachotarajiwa. Zote mbili ziling'aa. Msimbo wa toleo kwenye glasi ulikuwepo kwa zote, wa mtindo mmoja. Chini ya lenzi ya sonara ya mara 10, machapisho ya lebo yalifanana nukta kwa nukta: wino uliolala bapa, bila vinyunyu vya rangi vinavyoachwa na printa ya mezani. Hadi hapo B ilikuwa imefaulu kila kitu isipokuwa kimo, na kimo chenyewe kilikuwa kizuri mno.

Tofauti ilijitokeza shingoni. Ganda la plastiki linalofunika kizibo hubanwa kwa hewa ya moto, na kwenye A lilikuwa limebana sawasawa pande zote, limefifia rangi upande uliokuwa juu. Kwenye B ukingo wa chini wa ganda ulikuwa na mkunjo mdogo juu ya mkunjo, kama nguo iliyopigwa pasi mara mbili bila kufuata mstari wa kwanza, na sehemu moja ilimetameta kwa gundi. Kisha tochi iliwekwa nyuma ya shingo ili kutazama tako la kizibo kupitia glasi. Kizibo cha A kilikuwa kahawia iliyokolea, kimesinyaa, na punje mbili za koki zilielea chini yake. Kizibo cha B kilikuwa na rangi ya biskuti na kilibana vizuri. Kizibo hakikai miaka 20 juu ya mvuke wa kinywaji chenye asilimia 60 ya alkoholi kikabaki vile.

Baada ya hapo mtathmini aliomba ruhusa ya kuchukua sampuli, na warithi wakakubali kwa chupa zote mbili. Sindano nyembamba ilipitishwa kwenye ganda na kizibo, mililita 12 zikavutwa kutoka kila chupa, gesi ya argoni ikaingizwa kujaza nafasi, na shimo likafunikwa kwa utando wa nta unaonyumbulika. B ilikubali vizuri. Kizibo cha A kilimeguka, na vipande vikaanguka ndani.

Mgawanyo wa sampuli ulikuwa hivi: mililita 4 kwa kipimo cha msongamano, kinachoonyesha nguvu ya alkoholi, kilichofanywa mara mbili; 5 kwa maabara ya kaboni, inayokadiria mwaka wa shayiri; zilizobaki zikawa akiba. Haidromita ya kawaida isingewezekana, maana huhitaji silinda nzima ya kinywaji. Mita ya msongamano ya kidijitali huridhika na mililita 2 hivi.

Wakati majibu yakisubiriwa, mmoja wa warithi alimpa mtu mwenye sifa ya pua nzuri matone ya akiba anuse. Mtu huyo alisema B ndiyo halisi kwa sababu "ina moshi zaidi", na kwamba A imepoa. Kwa siku kadhaa familia ilishikilia maneno hayo.

Nguvu ilikuja kwanza. A ilikuwa chini ya lebo kwa alama 2.4 za asilimia, B kwa alama 3.1. Kisheria tofauti inayovumiliwa kati ya lebo na kilichomo ni alama 0.3 tu, kwa hiyo kwa macho ya harakaharaka zote mbili zilianguka.

Kaboni ilikuja wiki kadhaa baadaye. Wiski ya A ilikuwa na kaboni-14 iliyozidi kiwango cha kabla ya majaribio ya mabomu kwa karibu nusu. Ya B ilizidi kwa asilimia 9 hivi.

## Majibu yanasomwaje

Tuanze na nguvu, kwa sababu hapa hesabu ndogo inafanya kazi kubwa. Tuseme lebo inasema asilimia 60, chupa ni mililita 700. Ndani mna alkoholi ya mililita 420. Mvuke unaopanda juu ya kinywaji cha nguvu hiyo huwa na alkoholi ya takriban sehemu nne kwa tano. Ili nguvu ishuke kwa alama 2.4 kwa njia ya mvuke, chupa inapaswa kupoteza kama mililita 75. Kimo cha A kilionyesha upungufu wa takriban mililita 90. Madoa ya lebo yanaeleza salio: kidogo kilivuja kikiwa kimiminika, na kinachovuja hivyo hakibadilishi nguvu ya kinachobaki. Hesabu inakubali, ikiwa na ukungu wa kawaida wa vitu vya kale.

Sasa B. Kushuka kwa alama 3.1 kunadai zaidi ya mililita 90 zipotee. B haikupungukiwa na tone. Nguvu iliyoshuka bila kimo kushuka haina maelezo ya uzee. Ama kilichotiwa kilikuwa na nguvu tofauti tangu mwanzo, au kiliongezwa maji. Kipimo hiki peke yake, cha mililita 2 na gharama ndogo, kilitosha kuizuia B isiuzwe.

Kaboni-14 inaeleza la pili. Majaribio ya mabomu ya nyuklia hewani yaliongeza kaboni hiyo angani hadi, katika nusu ya kaskazini ya dunia, ikakaribia mara mbili ya kawaida mnamo 1963, mwaka ule ule mkataba wa kuyapiga marufuku majaribio ya angani ulipotiwa saini. Tangu hapo kiwango kimekuwa kikishuka mwaka hadi mwaka, bahari na misitu vikiinyonya na moshi wa makaa na mafuta ukiizimua. Shayiri ni zao la msimu mmoja. Sukari yake hubeba alama ya hewa ya mwaka ilipomea, na alkoholi inayotokana na sukari hiyo huirithi. Ziada ya nusu ni hewa ya mwanzoni mwa miaka ya 1970: shayiri iliyovunwa 1971 ikakenekwa 1972 inakaa hapo hapo. Ziada ya asilimia 9 ni hewa ya mwaka 2000 au karibu yake.

Lebo ya B ilisema chupa ilifungwa katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo shayiri ya wiski iliyomo ilikuwa haijapandwa chupa ilipofungwa.

Swali linaloulizwa mara nyingi kuhusu wiski ya moshi ni hili: piti ina umri wa maelfu ya miaka, je, kaboni yake kongwe haivurugi tarehe? Haivurugi. Fenoli kwenye kinywaji ni makumi ya sehemu kwa milioni, alkoholi ni mamia ya maelfu. Mchango wa piti unazama chini kabisa ya kosa la kipimo. Moshi wenyewe ni mkongwe kuliko Uskoti ya vitabuni, lakini kwa mashine ni kama haupo.

Na mwenye pua nzuri? Alinusa sawasawa, akahitimisha vibaya. B ilikuwa na moshi zaidi kwa sababu ilikuwa changa zaidi. Mghushi hakuwa mjinga: aliweka wiski ya moshi, ya nguvu ya pipa au karibu yake, pengine ya Islay, ili aliyetarajia moshi aupate. Angetia wiski nyepesi isiyo na moshi, hata mtoto wa mwenye baa angegundua.

## Maamuzi na sababu zake

B iliondolewa mnadani siku majibu ya nguvu yalipofika, kabla ya kaboni. Mrithi mmoja alitaka iuzwe "kama ilivyo", bila ahadi yoyote, mnunuzi ajitegemee. Wakili wa mirathi alikataa kwa sentensi mbili: lebo yenyewe ni dai, na kuiuza huku ukijua dai si kweli kunaweza kukuingiza kwenye Sheria ya Ulaghai ya 2006. Mjadala ukaisha.

Kumdai muuzaji wa 2014 kulifikiriwa. Muda wa kawaida wa kudai chini ya mkataba ni miaka 6, ingawa panapokuwa na ulaghai saa huanza kuhesabu unapogunduliwa au ulipopaswa kugunduliwa. Njia ilikuwepo kisheria, ila jina lilikuwa la bandia na akaunti haikuwepo tena. Waliacha.

Kwa A walichagua kuuza na kusema kila kitu: kimo, madoa, kulazwa, shimo la sindano, vipande vya koki, risiti, jibu la msongamano na jibu la kaboni. Kubadilisha kizibo kulipendekezwa na kukataliwa. Kizibo kipya kingezuia uvukizi, lakini kingefuta ushahidi wa mwisho kwamba chupa haijafunguliwa, na ushahidi huo ulikuwa na thamani kuliko mililita ambazo zingeokolewa. Walizungusha utando wa nta shingoni, wakaisimamisha, wakaitoa juu ya boila.

## Matokeo

A iliuzwa. Bei ilikuwa chini ya ile ya chupa iliyojaa ya toleo hilo, na juu ya kikomo cha chini walichoweka. Mnunuzi alisema waziwazi kwamba alikuwa ananunua risiti na karatasi za maabara pamoja na chupa.

B haikunywewa. Kinywaji kilichotiwa na mtu asiyejulikana, kwa vifaa visivyojulikana, hakina dhamana ya kuwa salama hata kikinukia vizuri. Kilimwagwa, lebo ikakatwa kwa wembe, na glasi ikachongwa alama takoni.

## Uchambuzi

Kilichofanya kazi zaidi ni mpangilio: jicho, rula, tochi, lenzi, halafu mililita 2, halafu kaboni. Kila hatua iligharimu zaidi ya iliyotangulia na kuharibu zaidi, na kila moja iliamua kama inayofuata inastahili. Kipimo cha kaboni hulipiwa mamia ya pauni na huchukua wiki. Ukianza nacho, utakuwa umelipa pesa nyingi kujua jambo ambalo mkunjo wa plastiki ungekudokezea bure.

Kosa kubwa la mtathmini lilikuwa kuichoma A sindano siku ile ile. A ilikuwa na risiti, kizibo chake kilisema ukweli, na upungufu wake ulikuwa na sababu iliyoonekana kwa macho. Hakukuwa na swali juu yake lililohitaji jibu siku hiyo. Angechukua sampuli ya B peke yake, akasubiri nguvu, na A ingeweza kubaki na kizibo kizima. Hoja ya upande wa pili ni kwamba jibu la kaboni liliipandishia A bei. Labda. Lakini lingeweza kuchukuliwa baadaye, kwa kizibo kilichosimama wima miezi kadhaa, na kwa kukubaliana na mnunuzi. Kizibo kilichokuwa kimelowa alkoholi kwa miaka huwa laini kama mkate. Ndicho cha mwisho cha kupitishia sindano.

Mwenye chupa alifanya kosa la kuilaza. Wengi huiga mvinyo, ambao hulazwa ili kizibo kisikauke. Mvinyo una alkoholi ya asilimia 12 hadi 14. Kwenye asilimia 60 alkoholi hula kizibo, huvuta rangi na ladha yake, na hatimaye kuvuja. Wiski husimamishwa, gizani, mahali penye ubaridi usiobadilikabadilika. Joto la boila, linalopanda asubuhi na jioni kila siku, hufanya hewa ya shingoni kutanuka na kusinyaa kama pampu.

Nyumba ya mnada ilikubali B kwa picha. Hili si la nyumba hiyo pekee, na ukubwa wa tatizo unajulikana hadharani. Mwaka 2017 hoteli moja ya Uswisi iliuza glasi moja ya wiski ya Macallan iliyodaiwa kuwa ya 1878 kwa faranga 9,999; uchunguzi ukaonyesha ni mchanganyiko wa kimea na nafaka wa 1970 hadi 1972, na mteja akarudishiwa pesa. Mwaka uliofuata, maabara ya SUERC iliyoko East Kilbride, Uskoti, ilipima chupa 55 zilizochaguliwa, na 21 zikawa za kughushi, ikiwemo Ardbeg iliyodaiwa kuwa ya 1885. Lakini visa hivyo ni vya lebo za kale sana, ambazo kaboni huziumbua kwa urahisi. B ni ya aina nyingine: glasi halisi, lebo halisi, nambari halisi. Mtu anayekagua lebo kwa miezi asingepata kosa, kwa sababu halimo kwenye lebo.

Kaboni nayo ina mipaka yake, na ripoti ya A iliieleza kwa haki. Kiwango cha ziada ya nusu mstari wa kaboni-14 ya angani ulikipita mara mbili: ukipanda mnamo 1963 hivi na ukishuka mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mashine haichagui, kilichochagua ni lebo na risiti. Tena kaboni inataja mwaka, haitaji kiwanda. Wiski yoyote ya Uskoti ya shayiri ya 1971 ingetoa jibu lile lile. Kinachoifanya A kuwa Brora ni mnyororo wa vitu vinavyokubaliana: duka, risiti, ganda lisiloguswa, kizibo kilichozeeka na chupa yake, nguvu iliyoshuka kwa kiasi ambacho kimo kinakieleza.

Kuna jambo moja ambalo lingeweza kufanywa mapema na halikufanywa na yeyote hadi mwisho: kuuliza nambari. Chupa za toleo hilo zilikuwa na nambari moja moja, na minada huhifadhi picha za zamani. Nambari ya B ilitumwa kwa nyumba tatu. Mbili hazikuwa nayo. Ya tatu ilijibu siku iliyofuata, na picha ikaambatanishwa: chupa yenye nambari hiyo hiyo, kimo cha chini kidogo ya shingo, ganda limebana sawasawa, ilipita kwao mwaka 2013. Mnunuzi wake alipoulizwa alikumbuka vizuri. Aliifungua siku ya harusi ya bintiye, ikaisha usiku ule ule, na chupa tupu aliiacha ukumbini.